Filamu ya Arizona: polima iliyofikisha hologramu kwenye sekunde mbili, na mahali ilipokwama

Novemba 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, Marekani, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyopiga picha kwa kamera 16 zilizopangwa kukizunguka kitu kimoja, wakazituma kwa waya wa mtandao hadi mahali pengine, na huko zikageuzwa kuwa hologramu kwenye bamba la plastiki. Mtazamaji hakuhitaji miwani. Akisogeza kichwa kushoto au kulia aliona ubavu mwingine wa kitu kilekile, na hologramu yenyewe ilibadilishwa kila baada ya sekunde 2. Chini ya miaka mitatu nyuma, Februari 2008, maabara hiyohiyo, chini ya Profesa Nasser Peyghambarian, ilikuwa imetangaza bamba la aina hiyo ambalo lilihitaji dakika kadhaa kuandika picha moja.

Kutoka dakika hadi sekunde 2 kwa muda mfupi kiasi hicho! Wengi waliosoma habari hizo waliona televisheni ya pande tatu iko mlangoni. Miaka imepita, na hakuna nyumba yenye televisheni hiyo. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu husimuliwa kombo: kasi ya mwaka 2010 hupewa plastiki, na kukwama kwa baadaye hulaumiwa plastiki pia. Kwa jinsi ninavyokielewa, ushindi mkubwa wa plastiki ulikuwa wa mwaka 2008, na ulikuwa ushindi wa kumbukumbu. Kasi ya mwaka 2010 ililetwa kwa sehemu kubwa na leza. Ukizichanganya hatua hizi mbili hutaona kwa nini ya tatu haikuja.

Hali ilivyokuwa kabla

Hologramu si jambo geni. Dennis Gabor alilibuni wazo lake mwaka 1947 akiwa Rugby, Uingereza, na lilipata nguvu baada ya leza kupatikana mwaka 1960. Picha ya kawaida huhifadhi ukali wa mwanga tu. Hologramu huhifadhi pia mpangilio wa mawimbi, yaani wimbi lipi lilifika mbele ya jingine, na humo ndimo umbo lenye kina linamokaa. Ili kuunasa mpangilio huo, miali miwili ya leza hukutanishwa juu ya kitu chenye kuhisi mwanga. Mmoja umebeba sura ya kitu, mwingine ni mtupu. Panapokutana hutokea mistari myembamba ya mwanga na giza, iliyo karibu karibu kiasi kwamba milimita moja huweza kubeba mamia ya mistari hiyo. Anayetaka hologramu lazima awe na mata inayoweza kushika mistari hiyo bila kuivuruga.

Mata za kuhisi mwanga zilikuwepo tayari, lakini nyingi ziliandika mara moja tu. Fotopolima za kawaida ni mfano mzuri. Ndani yake mna molekuli ndogo ambazo hushikana na kuwa minyororo mirefu pale mwanga ulipopiga, na picha ikishakaa imekaa. Kwa alama ya usalama kwenye kadi au hati ya kusafiria, hilo ndilo hasa linalotakiwa. Kwa skrini halifai, kwa sababu skrini isiyofutika ni bango.

Upande wa pili kulikuwa na fuwele zinazofutika. Mwaka 1966, watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, waliokuwa wakipitisha leza kwenye fuwele za lithiamu niobati waliona mwanga ukiiharibu njia yake wenyewe: pale ulipopita, fuwele ilibadilika namna inavyoupinda mwanga. Kwao ilikuwa kero, na wakaiita uharibifu. Baadaye ikafahamika kwamba uharibifu huo unaweza kutumika kuandika hologramu, kuisoma na kuifuta. Lakini fuwele hukuzwa polepole na kwa gharama kubwa, na kupata kipande chenye upana wa skrini ni ndoto.

Ndipo polima, yaani molekuli za minyororo mirefu zinazounda plastiki, zilipoingia. Mwaka 1991 kundi la maabara ya IBM Almaden huko San Jose, California, akiwemo W. E. Moerner ambaye mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi nyingine, lilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba plastiki nayo inaweza kufanya kazi ya fuwele zile. Matokeo ya awali yalikuwa hafifu. Mwaka 1994 kundi la Peyghambarian huko Arizona lilitoa mchanganyiko ulioweza kuuelekeza karibu mwanga wote uliotumika kusoma hologramu. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kama plastiki inaweza. Maswali yaliyobaki yalikuwa matatu: je, itatengenezeka kubwa? Je, itakumbuka kwa muda wa kutosha? Je, itaandika haraka?

Ndani ya filamu

Hapa panahitaji subira kidogo, maana kisa chote kinategemea kinachotokea ndani ya unene wa takriban mikromita 100, unaokaribiana na ule wa karatasi ya kuandikia. Filamu hiyo imebanwa katikati ya vioo viwili vilivyopakwa tabaka angavu linalopitisha umeme, na kati ya vioo hivyo huwekwa volti elfu kadhaa.

Mistari ya mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, inapoangukia filamu, sehemu zenye mwanga huzalisha chaji za umeme, hasi na chanya. Chaji hasi hubaki karibu na zilipozaliwa. Chaji chanya husukumwa na volti na kuanza safari, zikirukia kutoka kundi moja la atomi hadi jingine katika mnyororo wa polima, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Zikifika sehemu za giza hunaswa. Matokeo yake ni kwamba ndani ya plastiki kunajengeka uwanja wa umeme wenye mistari ileile iliyochorwa na mwanga, ila imesogea kidogo pembeni.

Ingeishia hapo tu, macho yasingeona kitu. Lakini katika plastiki hiyo mmechanganywa rangi maalumu, molekuli ndefu zenye upande chanya na upande hasi. Molekuli hizi huugeukia uwanja wa umeme zilipo. Panapo uwanja mkali hupangika kwa namna moja, panapo uwanja dhaifu kwa namna nyingine, na mpangilio tofauti huupinda mwanga kwa kiasi tofauti. Mistari ya umeme inakuwa mistari ya kupinda mwanga, na hiyo ndiyo hologramu. Ili molekuli ziweze kugeuka, plastiki haitakiwi kuwa ngumu, kwa hiyo huongezwa kilainishi ili ianze kulegea karibu na joto la kawaida la chumba.

Kufuta ni rahisi kwa kulinganisha. Unamulika filamu nzima kwa mwanga wa kijani usio na mistari, chaji zinasawazika, molekuli zinarudi kwenye mpangilio mmoja, na bamba liko tayari kuandikwa tena. Kwa sababu hiyohiyo picha husomwa kwa mwanga mwekundu, ambao filamu karibu haiunyonyi. Ukisoma kwa kijani kikali unafuta unachokisoma.

Sasa tuone kinzano lililomo. Ukitaka kuandika haraka, chaji zitembee upesi na molekuli zigeuke bila kusita. Lakini chaji inayotembea upesi wakati wa kuandika itatembea upesi pia wakati wa kutazama, na molekuli iliyo nyepesi kugeuka ni nyepesi kusahau. Ukitaka picha idumu, unahitaji mitego ya chaji yenye kina na plastiki nzito kiasi, na hapo uandishi unapungua kasi. Wepesi na kumbukumbu ni mafahali wawili katika zizi moja. Kila mchanganyiko wa polima za aina hii unaotengenezwa, popote duniani, huanza na uamuzi wa fahali yupi apewe nafasi.

Uamuzi wa mwaka 2008

Kundi la Arizona, likishirikiana na wakemia wa kampuni ya Nitto Denko Technical huko Oceanside, California, lilichagua kumbukumbu. Nauona kuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika kisa hiki, ingawa haukupigiwa makofi sana.

Sababu yake ni ya kihesabu. Hologramu waliyotaka kuionyesha haikuandikwa bamba zima kwa mpigo. Sura ya kitu ilitengenezwa kwa kompyuta kutoka pembe nyingi, ikakatwakatwa na kupangwa upya katika vipande vinavyoitwa hogeli, kila kimoja kikibeba mwonekano wa kitu chote kutoka pembe mbalimbali kama unavyoonekana kupitia sehemu hiyo ndogo ya bamba. Hogeli ziliandikwa moja baada ya nyingine, mstari wima baada ya mstari wima. Kama filamu ingekuwa na kumbukumbu fupi, mstari wa kwanza ungekuwa umefifia kabla wa mwisho haujaandikwa, na mtazamaji angeona nusu ya picha. Bila kumbukumbu hapakuwa na onyesho la kuonyesha.

Filamu waliyoitoa ilikuwa na upana wa inchi 4 kwa inchi 4, takriban sentimita 10 kila upande, kubwa kuliko zote za aina yake hadi siku hiyo. Picha iliandikwa kwa dakika chache, ikaonekana kwa saa kadhaa bila kuandikwa upya, na ikafutika kabisa ilipotakiwa. Waliionyesha kwa sura za vitu kama ubongo wa binadamu na gari.

Kulikuwa na mtego mwingine wa kikemia ambao wasomaji wengi huupita. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na tabia ya kujitenga: rangi iliyotiwa kwa wingi ndani ya plastiki laini huanza kujikusanya na kuota vifuwele, na filamu iliyokuwa angavu inakuwa na ukungu. Wakemia hawa walifunga baadhi ya makundi ya atomi kwenye mnyororo wenyewe wa polima, badala ya kuacha kila kitu kielee humo kikitafuta mwenzake. Mchanganyiko ukatulia, hata bamba moja likavumilia kuandikwa na kufutwa mara mamia. Katika maonyesho ya teknolojia watu hutazama picha, na nani atauliza kama bamba litakuwa safi mwezi ujao? Lakini bila kazi hiyo ya jikoni la kemia, mengine yote yangekuwa mambo ya siku moja.

Kasi nayo haikuachwa kabisa. Walitumia mbinu ya kupandisha volti wakati wa kuandika, hadi 9,000, ili chaji zikimbie, kisha kuzishusha baada ya kuandika ili picha itulie. Ni njia ya kuwapa mafahali wote wawili zamu. Ilisaidia, lakini isingeweza peke yake kuvuka kutoka dakika hadi sekunde.

Sekunde 2 zilitoka wapi

Leza ya mwaka 2008 ilikuwa ya mwanga usiokatika. Kila hogeli ilihitaji kumulikwa kwa muda, na katika muda huo mistari ya mwanga haikupaswa kusogea hata kidogo. Urefu wa wimbi ni nanomita 532. Meza, kioo au hewa ikitikisika kwa nusu ya kiasi hicho tu, penye mwanga panakuwa giza, na hogeli inafutika ikiwa bado inaandikwa. Kifaa kizima kililazimika kutulia kwenye meza nzito ya maabara iliyozuiwa mtikisiko. Haiwezekani kukipeleka chumba cha upasuaji kikiwa hivyo.

Mwaka 2010, Pierre-Alexandre Blanche na wenzake walibadilisha leza. Waliweka ya mapigo, yenye kupiga mara 50 kwa sekunde, kila pigo likidumu nanosekunde chache tu. Fanya hesabu mwenyewe: kitu kinachotikisika kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa mno kwa mtikisiko wa meza, kitasogea nanomita 6 katika nanosekunde 6. Mbele ya wimbi la nanomita 532 hiyo si kitu. Tatizo la mtikisiko likaondoka karibu lote kwa hatua moja.

Mchanganyiko wa filamu ulirekebishwa pia, kwa kuongeza kiasi kidogo sana cha kitu cha jamii ya fulerini (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira) kinachosaidia kuzalisha chaji mwanga unapopiga. Bila marekebisho hayo pigo fupi lingepita bila kuacha alama ya kutosha. Lakini angalia sekunde 2 zinavyopatikana. Hogeli zilikuwa na upana wa milimita 1. Bamba la sentimita 10 lina nafasi ya mistari 100. Leza inapiga mara 50 kwa sekunde. Mia gawanya kwa hamsini ni mbili. Sekunde 2 ni idadi ya mistari ikigawanywa kwa idadi ya mapigo. Hiyo ndiyo saa iliyokuwa ikihesabu, na ilikuwa saa ya leza.

Kuna bei iliyolipwa ambayo nadhani haikusisitizwa vya kutosha katika habari za magazeti. Mistari 100 inatosha kwa sababu kina huonekana upande mmoja tu. Ukisogea kushoto au kulia, sura inageuka. Ukiinama au kuinuka, haigeuki. Kwa watazamaji wengi hilo linavumilika, maana macho yetu yamepangwa ubavu kwa ubavu. Timu ilionyesha pia hologramu inayogeuka pande zote, lakini hapo bamba hugawanywa vipande vidogo badala ya mistari. Sentimita 10 kwa sentimita 10, kila kipande milimita 1 kwa milimita 1, ni vipande 10,000. Kwa mapigo 50 kwa sekunde, hizo ni sekunde 200, zaidi ya dakika 3. Tumerudi kwenye dakika.

Walionyesha pia rangi, kwa kuandika hologramu zaidi ya moja katika bamba hilohilo kwa pembe tofauti na kuzimulika kila moja kwa rangi yake. Na ile picha ya ndege ya kivita ya F-4 Phantom iliyosambaa katika vyombo vya habari ilitokana na kazi hiyo.

Mahali ilipokwama

Filamu za kutazama sinema zinahitaji picha 24 kwa sekunde, televisheni karibu 30. Kutoka picha moja kwa sekunde 2 hadi 30 kwa sekunde 1 ni mara 60. Haionekani mbali sana, na hapo ndipo matumaini yalipowadanganya watu. Leza inaweza kupiga mara nyingi zaidi, lakini kila pigo lazima libebe nishati ya kutosha kuandika. Ukiongeza mapigo mara 60 kwa nishati ileile, umeongeza nguvu ya leza mara 60, na mwanga huo wote unaishia kwenye plastiki laini. Ukipunguza nishati ya pigo, filamu lazima iwe na uwezo wa kuhisi mwanga mdogo zaidi. Mzigo unarudi kwenye mata, na safari hii hakuna leza ya kuubeba.

Kisha kuna suala la ukubwa. Volti 9,000 katika mikromita 100 ni volti 90 kwa kila mikromita, sawa na volti milioni 90 kwa mita. Hewa ya kawaida hukubali kupasuka kwa cheche kwenye takriban volti milioni 3 kwa mita. Filamu inabeba mara 30 ya hapo. Punje moja ya vumbi au kiputo kimoja cha hewa ndani yake kinaweza kuwa njia ya cheche, na cheche ikipita imetoboa bamba. Bamba la sentimita 30 kila upande lina eneo mara 9 ya lile la sentimita 10, na kila sentimita ya mraba lazima iwe safi. Timu ilitengeneza mabamba makubwa zaidi, kwa hiyo haliko nje ya uwezo wa binadamu. Lakini kulitengeneza moja maabara ni jambo moja, na kuyatoa kiwandani kwa maelfu, kila moja likiwa na volti 9,000 sebuleni mwa mtu, ni jambo jingine.

Wenzao walichukua njia nyingine. Januari 2011, Media Lab, maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyesha hologramu inayotembea kwa takriban picha 15 kwa sekunde, ikichukua sura ya mtu kwa kamera ya mchezo wa video ya Kinect. Pale hapakuwa na filamu yenye kumbukumbu. Kompyuta ilikokotoa mawimbi na kuyatoa moja kwa moja. Kasi iliishinda Arizona mara 30, ila kwa picha ndogo. Huko Japani, Naoto Tsutsumi na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyoto waliendelea na polima zenyewe na kupata zinazoitikia kwa muda wa milisekunde. Wao walimpa nafasi fahali wa wepesi.

Kwa hiyo, je, filamu ya Arizona ilishindwa? Ilishindwa kuwa televisheni, kazi ambayo kimaumbile haikuumbwa kuifanya. Kitu kilichotengenezwa kikumbuke kwa saa nyingi kinapimwaje kwa uwezo wake wa kusahau mara 30 kwa sekunde? Watafiti wenyewe walitaja matumizi mengine: tiba ya mbali, usanifu wa vifaa, matangazo, na ramani za pande tatu zinazoweza kusahihishwa. Wafadhili wao, likiwemo shirika la utafiti la Jeshi la Anga la Marekani, hawakuhitaji sinema. Daktari wa upasuaji anayetaka kuona uvimbe ulivyojificha nyuma ya mshipa wa damu hahitaji picha 30 kwa sekunde. Anahitaji moja iliyo sahihi, inayoonekana kwa wote waliozunguka meza bila miwani, na inayobaki pale hadi amalize. Mpangaji wa uokoaji baada ya mafuriko hali kadhalika.

Ningekuwa na sauti katika maabara kama hiyo, ningeacha kupigania milisekunde na kuelekeza nguvu kwenye mambo mawili. La kwanza ni kushusha volti. Watafiti kadhaa wamejaribu filamu nyembamba zaidi na polima zenye kusafirisha chaji vizuri zaidi, ingawa filamu ikiwa nyembamba mno huelekeza mwanga mdogo na picha inafifia. La pili ni uwezo wa kuhisi mwanga mdogo, ili leza kubwa ya maabara ibadilishwe na ndogo inayobebeka. Bamba la sentimita 30, linaloandikwa kwa dakika 30 kwa leza ndogo, lenye kina pande zote na picha inayodumu zamu nzima ya hospitali, lingefanya kazi ambayo skrini bapa haiwezi kuifanya hata ikiwa na kasi kiasi gani.